Mvuke Anatafuta Kazi Yoyote

Mashine ya kunyoosha mashuka ya hospitali si kama pasi ya nyumbani. Ni rola mbili za chuma, ndefu kupita kitanda, zinazozunguka zikiwa na moto. Shuka linaingia upande huu likiwa bichi na kutokea upande wa pili limekauka na kunyooka kama karatasi mpya. Lakini haliingii lenyewe. Linataka watu wawili, kila mmoja ashike pembe yake, walivute mpaka likaze, kisha walilishe rola kwa pamoja. Mmoja akitangulia hata kidogo, shuka linaingia mshazari na kujikunja, na mkunjo uliopigwa na moto ule hautoki mpaka shuka lifuliwe upya.

Watu hao wawili walikuwa Mvuke na Pacha. Majina ya kuzaliwa walikuwa nayo, ila pale kazini yalikuwa ya kuandikia tu. Mvuke aliitwa hivyo kwa sababu alisimama upande wa bomba la mvuke, uso ukimng'aa kama amepakwa mafuta. Pacha aliitwa Pacha kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona Mvuke kwenye rola bila yeye.

Kelele za chumba kile zingeweza kumeza hata king'ora, kwa hiyo wawili hao walisemezana kwa mikono. Kiganja juu: simamisha. Vidole viwili: hili bado lina maji, lirudishe. Kugonga kifua mara moja: joto limenizidi, njoo upande wangu, nije wako. Hapakuwa na tafadhali wala samahani. Mmoja akigonga kifua, mwenzake alikuwa ameshaanza kuhama. Wafuaji wengine waliwatania: "Nyie siku mkishtakiwa, mmoja atapiga chafya na mwingine atakiri kosa!"

Mtu akikaa miaka mingi namna hiyo, hivi kichwa chake hakibadiliki? Cha Mvuke kilibadilika. Aliamini kabisa kwamba anayekupenda anajua unachotaka kabla hujafungua mdomo. "Wa kuomba kwa mdomo ni mgeni," alikuwa akisema. Mkewe, alipokuwa hai, alikuwa akicheka na kumjibu, "Basi mimi ni mgeni wako, baba. Sema unataka chai au hutaki." Mkewe alipofariki, hakubaki mtu nyumbani wa kumlazimisha kusema.

Halafu hospitali ikaamua mashuka yake yafuliwe nje, kwenye kiwanda kipya cha kufulia kilichofunguliwa ng'ambo ya reli. Rola zilizimwa asubuhi moja zikiwa zinafanya kazi, shuka moja likiwa nusu limeingia, nusu halijaingia. Mvuke na Pacha walibaki wameshika pembe zao hadi mtu alipokuja kuwaambia waachie. Wafuaji wote waliitwa ukumbini, wakashukuriwa, wakaambiwa waende nyumbani.

Pacha hakukaa wiki. Alikwenda hadi kwenye geti la kile kiwanda, akaomba kuonana na mkubwa wa pale, akasema anajua rola, akachukuliwa. Mvuke alipopata habari alifurahi kwa dhati. "Sasa tumeshaingia," alisema moyoni, kana kwamba nguo moja ikiingia maji na ya pili imelowa. Akakaa kungoja Pacha amwite.

Pacha hakuita.

*

Mvuke alikuwa na binti wawili. Mkubwa, ndivyo alivyoitwa, alikuwa na miaka kumi na minne. Mdogo wake aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, na alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Walilala kitanda kimoja nyuma ya pazia lililogawa chumba chao, na Kitinda hakupata usingizi mpaka ashike sikio la dada yake. Mkubwa alilalamika kwamba sikio lile litarefuka kuliko la pili, lakini hakuwahi kulitoa.

Jumamosi moja alikuja shangazi yao, yaani dada yake Mvuke, akifuatana na mama yao mdogo, aliyesafiri kutwa nzima kwa basi. Walikaa kwenye viti viwili vilivyokuwepo. Mvuke alikaa juu ya ndoo.

"Ndugu yangu," alianza shangazi, "hatukuja kukusema. Lakini watoto hawa wamekonda. Mkubwa ana shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa."

"Anakua," Mvuke alisema.

"Anakua kwenda wapi? Sikiliza. Shule zikifungwa hujapata kazi, Mkubwa atakuja kwangu, Kitinda ataenda na mama yake mdogo. Wewe ukishasimama, utawachukua."

"Shemeji, tusielewane vibaya," mama mdogo aliongeza kwa upole. "Marehemu dada yangu asingetaka walale na njaa."

Mvuke aliinamisha kichwa. Alitaka kusema: msiwatenganishe. Neno hilo alilipeleka kwa macho. Alimtazama dada yake machoni, akaamini kwamba ameliona, maana walilelewa chungu kimoja. Dada yake aliona mwanaume aliyenyamaza. Aliyenyamaza, kwa desturi ya kila mahali, amekubali.

Nyuma ya pazia, wasichana walikuwa wamesikia kila kitu.

"Kwa mama mdogo ni mbali?" Kitinda alinong'ona.

"Lala."

"Nitashika sikio la nani?"

"Nimekwambia lala."

*

Kesho yake Mvuke alianza kuzunguka. Hakuna atakayesema hakujitahidi, viatu vyake ni mashahidi. Alianzia kwa kinyozi.

"Nimekuja na shida," alisema.

"Ya kichwa au ya tumbo?" kinyozi aliuliza bila kusimamisha mashine yake. "Kichwa naweza."

"Kazi. Ukisikia chochote, unikumbuke."

"Chochote ndiyo nini?"

"Kazi yoyote. Kazi ni kazi."

Kinyozi alimpima kwa macho kuanzia mabegani. "Mtu mwenye kifua hiki analinda geti. Mwizi akikuona tu anarudi kwao kuomba radhi. Niachie mimi."

Mvuke hakumkatalia. Hivyo ndivyo alivyogeuka mlinzi, mdomoni mwa kinyozi.

Kwa binamu yake, dereva wa lori, alisema maneno yaleyale.

"Unajua kuendesha?" binamu aliuliza.

"Nitajifunza."

"Kwa gari la nani, ndugu yangu? Hili? Hili hata mimi bado tunajuana!" Lakini binamu alikuwa na moyo mzuri, na jioni ile alisema kituoni kwao kwamba ana ndugu yake, utingo hodari. Mwenye duka la mtaani naye, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alitangaza kwamba Mvuke anabeba mizigo. Mtu akamwita abebe kabati ghorofani. Kufika, akakuta limeshapanda, waliolipandisha wamekaa juu yake wanapumzika.

Tazama ajabu hiyo. Mtaa mzima ulikuwa unamtafutia Mvuke kazi, na hakuna wawili waliokuwa wanatafuta kazi moja. Kila aliyemwomba aliondoka na Mvuke wake aliyemshona mwenyewe, akaenda kumtembeza, na yule Mvuke wa kweli, wa rola, hakuna aliyemtembeza.

Mkubwa ndiye aliyeligundua. Siku moja alirudi kutoka dukani na kiberiti, uso umemkunjamana.

"Baba, ulimwambia kinyozi unajua kazi gani?"

"Kila mtu anajua mimi ni dobi."

"Kinyozi hajui. Ameniuliza kama ulipokuwa mpishi hospitalini ulikuwa unapikia wagonjwa au madaktari."

Mvuke alicheka. Mkubwa hakucheka.

"Na yule mwenzako je? Pacha. Umemwambia?"

"Pacha anajua."

"Amejuaje?"

"Pacha anajua," Mvuke alirudia, kwa sauti ya kufunga mlango.

"Lakini baba, kama anajua, mbona..."

"Mkubwa! Hesabu zako umemaliza?"

Hakuwa amezimaliza. Aliinama juu ya sanduku lililokuwa meza yake, na penseli haikutembea kwa muda mrefu. Wiki za shule zilizobaki zilikuwa chache, na kila mtu mle ndani alizijua bila kuzitaja.

*

Walikutana barabarani, karibu na duka, Pacha akitoka zamu. Alikuwa amevaa ovaroli mpya ya bluu, mifuko bado ina mikunjo ya kiwandani.

"Pacha wangu!"

"Mvuke! Mzee wa bomba! Umepotea wewe."

"Nipo. Tunasukuma."

"Nasikia umepata lindo. Nikasema, alhamdulillahi, jamaa ameangukia pazuri, kukaa kivulini na redio."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja tu: hapana. Lakini mtu ukiona mwenzako kavaa ovaroli mpya, na wewe suruali yako imepauka magotini, neno hilo linakuwa zito kuliko shuka lililolowa. "Watu wanasema mengi," Mvuke alijibu, na akatabasamu tabasamu la mtu ambaye mambo yake si mabaya.

Kisha akainua mkono, akagonga kifua. Mara moja.

Pacha aliangua kicheko. "Ee bwana, bado unakumbuka! Huku kwetu hakuna mambo hayo. Kuna taa, nyekundu na kijani. Nikigonga kifua wanadhani nakohoa." Akampiga Mvuke begani, akamwachia salamu za watoto, akaenda zake.

Mvuke alisimama palepale, mkono bado uko kifuani. Tangu wajuane, ilikuwa mara ya kwanza agonge kifua na Pacha asihame.

*

Juma la mwisho la shule, kinyozi alikuja mbio, kitambaa cha kunyolea bado kiko begani.

"Mvuke! Umelala? Nimekupatia mtu! Kuna mama anamleta mwanawe kunyolewa kwangu. Kumbe ndiye msimamizi wa kile kiwanda cha kufulia. Nimemsifia wewe mpaka mate yamenikauka. Kesho asubuhi, getini kwake."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba wewe ni mlinzi ambaye mfano wake haujapata kuonekana."

Mvuke alikwenda. Alikuwa amenyoosha shati lake mwenyewe kwa pasi ya mkaa, na hakika lilikuwa shati bora kuliko yote yaliyopita reli siku hiyo. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alimpokea katika kijichumba kando ya geti. Upande wa pili wa ukuta rola zilikuwa zinanguruma, na Mvuke alizisikia kwenye meno yake.

"Karibu, baba. Umelinda wapi?"

"Sijalinda popote."

Mama alivaa miwani. "Hujalinda. Basi umekuja kufanya nini?"

"Kinyozi alinielewa vibaya. Mimi ni dobi. Nilikuwa hospitalini, kwenye rola, upande wa bomba. Miaka yote hiyo sikufanya kazi nyingine."

Msimamizi alimtazama kwa muda, kama anayetazama mtu aliyekuja kwenye harusi siku ya pili yake.

"Wewe ulikuwa unashika na nani?"

"Na Pacha." Akataja jina lake halisi.

"Ah." Aliivua tena miwani. "Baba, mbona mnapenda kujitesa? Rola ya pili tumeifungua juzijuzi. Nilitaka mtu anayeijua, nikamwuliza mwenzako huyohuyo: yule uliyekuwa ukishika naye yuko wapi? Akaniambia, mwenzangu ameshapata kazi ya ulinzi, nisimvuruge. Nikachukua kijana mwingine. Nimeshampa sare. Siwezi kumvua."

"Haiwezekani..." Mvuke alianza.

"Na getini nataka mtu aliyewahi kulinda. Pole sana, baba."

Huko nje lilikuwa linaingia gari la hospitali, limejaa mafurushi. Mvuke alilipisha lipite. Aliyatambua mashuka yale hata yakiwa ndani ya furushi, na hakuna aliyemuuliza anaangalia nini.

*

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Pacha, akamngoja barazani hadi zamu ilipoisha. Mke wa Pacha alimpa chai, akamtazama uso, akaingiza watoto ndani.

Pacha alipotokea, Mvuke hakusalimia.

"Ulimwambia nina kazi."

"Nani?"

"Msimamizi wako. Alikuuliza habari zangu, ukasema nalinda."

"Si unalinda?"

"Nalinda wapi, Pacha? Nalinda nini? Nina lindo gani mimi?"

Pacha aliketi taratibu kwenye ngazi. "Nilikuuliza barabarani. Ukacheka."

"Nikagonga kifua!"

"Nikadhani utani!"

"Miaka yote ile ulikuwa unajua. Shuka lina maji, unajua. Nimechoka, unajua. Leo watoto wangu wanachukuliwa na hujui?"

"Watoto gani wanachukuliwa?" Pacha alisimama tena. "Nani kaniambia? Mimi ni mganga? Sikiliza wewe. Kwenye rola nilikuwa naiona mikono yako. Huku nje umeitia mfukoni, halafu unanilaumu!"

Mvuke alijitazama. Kweli, mikono ilikuwa mfukoni. Aliitoa. Lakini hapakuwa na shuka la kushika.

"Haya, sema," Pacha alisema, sauti imeshuka. "Unataka nifanye nini? Useme wewe. Mimi nisikubahatishie tena."

Mwanaume mzima, aliyeinua mafurushi ya mashuka yaliyolowa tangu ujana wake, jasho lilimtoka kwa kutafuta sentensi moja.

"Nakuomba uniombee kwa yule mama," alisema. "Kazi ya rola. Si ulinzi, si kubeba, si yoyote. Kushika pembe. Hata ya kumshikia anayeumwa. Na umwambie nina watoto wawili, shule zinafungwa Ijumaa."

"Hilo naweza," Pacha alisema. "Kesho asubuhi nitalisema hivyohivyo. Lakini nisikudanganye. Nafasi ilikuwepo na sasa haipo. Nilipata kuishika kwa mdomo wangu, nikampa mtu mwingine." Akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Nisamehe, Mvuke."

"Ulimpa mtu mwingine kwa sababu mimi nilikuwa nacheka," Mvuke alijibu.

Pacha alisema kweli, na msimamizi alisikia. Alhamisi mtu wa rola ya pili aliamka na homa, Mvuke akaitwa. Alishika pembe nusu siku, akabanwa na bomba jipya, akaungua kidogo kiwiko, akafurahi. Ijumaa yule mtu alipona.

*

Jumamosi shangazi na mama mdogo walirudi. Nguo za wasichana zilikuwa zimekunjwa tayari, mafungu mawili, na kila pindo limekutana na pindo lenzake sawasawa, maana ndivyo baba yao alivyojua kupenda. Kitinda alikuwa amekaa juu ya fungu lake ili lisichukuliwe.

"Nusu siku si kazi, ndugu yangu," shangazi alisema kabla hajaulizwa. "Nafurahi, lakini si kazi."

"Najua. Dada, nina ombi."

Shangazi alinyanyua macho. Hakulizoea neno hilo kutoka kinywa kile.

"Usiwatenganishe. Wachukue wote wawili wewe."

"Unaijua nyumba yangu. Kitanda cha ziada ni kimoja, na chembamba."

"Watalala mzungu wa nne, kichwa huku, miguu kule."

Mama mdogo alijiweka sawa kwenye kiti. "Shemeji, unadhani mimi nitamtesa mtoto wa dada yangu?"

"Sidhani, shemeji, wala usiku mmoja sijadhani. Lakini kwako ni kutwa nzima kwa basi. Kwa dada naweza kufika kwa miguu."

"Mbona siku ile hukusema?" shangazi aliuliza, na ndani ya swali lile mlikuwa na hasira kidogo. "Nimeshamwambia mume wangu mtoto ni mmoja. Unajua alivyo. Akiongezewa hata paka, hutaka kuulizwa."

"Nitamwuliza mimi. Leo. Nitakuja nanyi."

Shangazi alimtazama Mkubwa, kisha Kitinda juu ya fungu lake, kisha dari. "Mpaka shule zifunguliwe," alisema mwishowe. "Mume wangu akikataa, mdogo anaondoka na basi la kesho. Na zikifunguliwa hujasimama, tutakaa tena, na sitaki kusikia ombi jingine."

Walitoka wote watano. Mvuke alibeba mafungu yote mawili. Mume wa shangazi aliwapokea mlangoni kwake, akasikiliza akiwa amesimama, mkono umeshika fremu ya mlango. Mvuke alisema alichokuja kusema bila kuzunguka: wawili, kitanda kimoja, mpaka shule zifunguliwe. Yule bwana aliguna. Hakusema ndiyo. Aliondoa mkono kwenye fremu, na watoto wakapita.

Mvuke hakukaribishwa kukaa, na saa ya kuondoka ilikuja upesi. Kitinda alimfuata hadi nje.

"Baba, utakuja lini?"

Alikuwa ameshafungua mdomo kusema karibuni. Akalirudisha.

"Jumapili ijayo. Mchana."

"Kweli?"

"Kweli. Isipokuwa nikiitwa kwenye rola. Nikiitwa, sitakuja siku hiyo."

Kitinda alifikiri, uso umekazana kama anayesoma neno refu.

"Basi nitakuwa naomba kila siku," alisema. "Naomba wasikuite."

Mkubwa alimvuta ndani kwa mkono, na mlango ukafungwa.